Swali la Mwalimu wa Hisabati

Nilifundisha Historia kwa miaka 31, na katika miaka hiyo yote nililikataa swali moja tu. Halikuulizwa na mwanafunzi. Liliulizwa na mwalimu mwenzangu wa Hisabati, jioni moja ya mwaka 1984, tukiwa tumekaa nje ya nyumba za walimu katika shule moja ya sekondari mkoani Tabora.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakisinzia kila nilipofika kwenye mada ya misafara ya karne ya 19. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu Tabora ndiyo Unyanyembe ya zamani, kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Watoto walikuwa wamekalia historia yenyewe, lakini wao waliiona kama habari ya nchi ya mbali. Nikamweleza mwenzangu kwamba nilitaka kutengeneza mchezo: ramani ichorwe kwenye karatasi kubwa, kila kundi liwe na kete yake, wachezaji warushe dadu na kusonga mbele. Kete ikifika Ugogo, kundi linalipa hongo. Ikifika Mgunda Mkali, maji yanakosekana.

Mwenzangu alifurahi. Alichomoa kalamu na kipande cha karatasi kutoka mfuko wa shati, akauliza: "Mwalimu, kati ya wapagazi mia moja waliotoka Bagamoyo, wangapi walifika Ujiji? Msafara ulitembea maili ngapi kwa siku? Na hiyo hongo ya Ugogo, ilipunguza mali kwa kiasi gani?"

Sikuwa na jibu hata moja. Mtu asiye na jibu huwa na njia mbili, kukiri au kukasirika, nami nilichagua ya pili. Nikamwambia, "Mwalimu, hawa walikuwa watu. Watu si namba." Alinitazama kidogo, akatabasamu, akaikunja ile karatasi na kuirudisha mfukoni. Mchezo ukaishia hapo. Mwaka 1986 alihamishiwa mkoa mwingine, na mwaka 1999 nikapata habari kwamba amefariki. Hatukuwa tumegombana, tulisalimiana vizuri hadi siku aliyoondoka. Lakini mazungumzo ya jioni ile hatukuyarudia.

Pengine ningekuwa nimeyasahau, kama si safari niliyofanya mwaka 2013 kumtembelea binti yangu huko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Siku moja mjukuu wangu, wakati huo akiwa na miaka 11, aliniita kwenye kompyuta yake. "Babu, njoo ucheze historia," akaniambia. Ulikuwa mchezo wa zamani unaoitwa The Oregon Trail. Nilikabidhiwa fedha, nikatakiwa kununua maksai, chakula, nguo na risasi, kisha nikaanza safari na familia yangu katika gari la kukokotwa na maksai. Nilinunua chakula kidogo na risasi nyingi. Kabla ya nusu ya njia, kipindupindu kilikuwa kimemchukua mke wangu wa kwenye kioo na mimi nilikuwa nimezama mtoni. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilibaki nimekodoa macho, kwa sababu nilikuwa nikiutazama mchezo wangu wa Tabora, uliotengenezwa na watu wengine.

Niliporudi nyumbani niliitafuta historia ya mchezo huo, na nimeendelea kuifuatilia tangu hapo. Msomaji asidhani kwamba ni habari ya watoto. Ndani yake mna jibu la swali ambalo watu wa fani mbalimbali huulizana kila wanapotakiwa kufanya kazi pamoja: hivi kweli wewe na mimi tunaweza kuelewana?

Mwaka 1971, vijana watatu wa Chuo cha Carleton, huko huko Minnesota, walikuwa wakiishi nyumba moja mjini Minneapolis wakati wa mazoezi yao ya ualimu. Don Rawitsch, aliyekuwa na miaka 21, alifundisha historia darasa la nane. Wenzake, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walifundisha hisabati katika shule nyingine. Rawitsch alitakiwa kufundisha juu ya walowezi walioihama Marekani ya mashariki katikati ya karne ya 19 na kwenda magharibi hadi Oregon. Naye, kama mimi, alitaka mchezo. Alitandaza karatasi ndefu sakafuni, akachora ramani, akaanza kuandaa kadi na dadu. Heinemann na Dillenberger waliporudi nyumbani walimkuta amepiga magoti juu ya ramani yake.

Heinemann alikuwa amesoma kozi za kuandika programu za kompyuta. Akaona kwamba kazi ya dadu na kadi ingeweza kufanywa na kompyuta, tena vizuri zaidi, kwa sababu kompyuta inaweza kukumbuka chakula kilichobaki, risasi zilizotumika na maili zilizokwisha, na bahati ya mchezaji ikategemea mambo hayo yote kwa pamoja. Tatizo lilikuwa muda. Somo lilikuwa limepangwa kufundishwa baada ya majuma mawili hivi. Basi wakagawana kazi. Rawitsch alitoa historia: njia ilipita wapi, watu walibeba nini, walikumbwa na nini. Heinemann aliigeuza habari hiyo kuwa amri za programu. Dillenberger alisaidia kuandika baadhi ya sehemu, akazijaribu na kusaka makosa.

Tukumbuke kompyuta ya wakati ule ilikuwaje. Shule haikuwa na kioo wala picha. Ilikuwa na teletaipu, yaani mashine inayofanana na taipureta kubwa, iliyounganishwa kwa simu na kompyuta moja iliyohudumia shule nyingi. Unapiga herufi, mashine inapeleka, halafu jibu linarudi likigongwa herufi kwa herufi kwenye karatasi. Tarehe 3 Desemba 1971 Rawitsch aliikokota mashine hiyo mbele ya darasa lake. Wanafunzi walijigawa wenyewe kwa namna ambayo hakuna mwalimu aliyewapangia: mmoja aliyejua ramani alifuatilia njia, mwingine mwepesi wa hesabu alitunza fedha, na yule mwenye vidole vyepesi akapewa uwindaji.

Nieleze uwindaji, maana hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa vijana hawa. Mwalimu wa historia anajua kwamba mlowezi aliyekuwa mzito kushika bunduki alilala na njaa. Lakini utamwonyeshaje mtoto jambo hilo kwa mashine isiyo na picha, isiyo na sauti, isiyojua kitu ila herufi? Heinemann alipata njia. Mchezaji alitakiwa kupiga neno BANG kwa haraka, na kompyuta ikapima muda aliotumia. Akichelewa, au akikosea herufi, mnyama amekwenda. Jambo hilo Rawitsch peke yake asingelibuni, kwa sababu hakujua kwamba mashine inaweza kupima muda. Heinemann peke yake naye asingelibuni, kwa sababu hakuwa na haja ya mnyama.

Muhula ulipokwisha, mazoezi ya ualimu nayo yakaisha. Rawitsch aliichapa programu nzima kwenye karatasi, kisha ikafutwa katika kompyuta. Kwa karibu miaka mitatu mchezo huo ulikuwa bunda la karatasi tu. Mwaka 1973 jimbo la Minnesota lilianzisha taasisi ya kuzipatia shule huduma za kompyuta, iliyofahamika kwa kifupi kama MECC. Rawitsch aliajiriwa huko, na mwaka 1974 akaingiza tena programu ile kutoka kwenye karatasi zake, mstari kwa mstari.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nikumbuke jioni ya Tabora.

Mchezo ule unaendeshwa na uwezekano. Katika kila hatua kompyuta inachagua namba kwa kubahatisha, kati ya 0 na 100, na namba hiyo inaamua jambo litakalompata msafiri. Ikiwa ndogo sana, gari limevunjika. Ikipanda kidogo, maksai ameumia mguu. Nyingine zina maji mabaya, mvua kubwa, ukungu, nyoka, moto ndani ya gari. Sasa, katika kitabu cha historia mwandishi anaweza kusema kwamba "mara nyingine" magari yalivunjika na "mara kwa mara" watu waliugua. Wasomaji hutikisa kichwa na kuendelea. Programu haikubali "mara kwa mara". Inataka namba katika nafasi ile, na bila namba haiendi. Mwaka 1971, kwa haraka ya majuma mawili, vijana walikisia. Mwaka 1974 Rawitsch alirudi kwenye shajara za walowezi wenyewe, akahesabu: ni mara ngapi wametaja gari kuvunjika, mara ngapi maji mabaya, mara ngapi hali mbaya ya hewa. Kisha akarekebisha uwezekano ulingane na alichokisoma.

Tazama jambo hilo, ndugu msomaji. Ni mwanahistoria aliyerudi maktaba, lakini aliyemrudisha huko ni mwanahisabati. Nafasi tupu ndani ya programu ilikuwa ni swali la Heinemann, limebaki limeandikwa pale likingoja jibu. Tena huko kwenye shajara Rawitsch alikutana na jambo ambalo sinema za wakati ule hazikulionyesha. Wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao sinema ziliwafanya kuwa maadui wa kila msafara, mara nyingi waliwasaidia walowezi, wakiwaonyesha njia na chakula. Akaliingiza. Katika programu iliyochapishwa mwaka 1978 kwenye gazeti la Creative Computing, namba za juu kabisa zinamletea msafiri wenyeji wanaomwonyesha mahali pa kupata chakula. Mtu aliyeambiwa ahesabu amegundua kosa ambalo mtu aliyeambiwa asimulie angeweza kulipita.

Mimi nilikuwa nimemwambia mwenzangu kwamba watu si namba. Ni kweli. Lakini swali lake halikuwafanya wapagazi kuwa namba. Lilinitaka mimi nionyeshe kama ninawajua.

Hadithi haikuishia kwa watatu. Mwaka 1985 MECC ilitoa mchezo huo upya kwa kompyuta za Apple II, zenye kioo na rangi. Sasa mtu mmoja mwenye programu na mmoja mwenye historia hawakutosha. R. Philip Bouchard aliongoza kundi na kubuni mpangilio mzima. John Krenz aliongoza uandishi wa programu. Charolyn Kapplinger aliongoza uchoraji. Shirley Keran alifanya utafiti. Hali ya hewa ya njiani ilitengenezwa kutokana na takwimu za joto na mvua za maeneo halisi, mwezi kwa mwezi. Uwindaji ukawa wa picha. Aliyekufa akapata kaburi lenye maandishi ambayo mchezaji mwenyewe aliyaandika, na mwenzake aliyecheza baadaye kwenye diski ileile alilikuta njiani. Huo ndio mchezo alionionyesha mjukuu wangu.

Wengi waliousifu mchezo huo walisifu picha zake. Mimi nadhani ugumu wa kazi ile ulikuwa mahali pengine. Mchoraji wa kompyuta za wakati ule alikuwa na rangi chache na nafasi finyu. Kila maksai aliyemchora alikula sehemu ya kumbukumbu ambayo mwandishi wa programu aliihitaji. Mtafiti angeleta ukweli ambao hauchoreki. Kila mmoja alilazimika kujua kidogo kazi ya jirani yake, angalau kiasi cha kujua kinachomgharimu. Ufundi wa jirani usipoujua gharama yake, utaomba mambo ya ajabu, na akikunyima utadhani ana roho mbaya.

Wala nisiifanye habari hii kuwa tamu kupita kiasi. Mchezo huo uliuzwa kwa mamilioni ya nakala, lakini Rawitsch, Heinemann na Dillenberger hawakupata mrabaha. Kwa miaka mingi hata majina yao hayakujulikana. Ni mwaka 1995 ndipo MECC ilipowaita watatu hao na kuwaheshimu hadharani. Mwaka 2016 mchezo wao uliingizwa katika jumba la heshima la michezo ya video huko Rochester, New York. Kazi ya wengi ina desturi ya kuwafuta walioianza, na yule ambaye kazi yake ni kutafuta makosa ndiye hufutwa wa kwanza.

Kuna waliofutwa zaidi. Shajara alizozihesabu Rawitsch ziliandikwa na walowezi. Zilimwambia wenyeji waliwasaidia walowezi mara ngapi. Hazikumwambia walowezi waliwafanyia nini wenyeji. Aliyeandika alipata nafasi katika programu, asiyeandika akabaki kuwa tukio katika safari ya mwenzake. Namba zilikuwa sahihi, lakini chumba walimoandaliwa kilikuwa na watu wa upande mmoja. Dosari hiyo haikurekebishwa kwa hesabu bora zaidi, bali kwa kuongeza watu. Mwaka 2019 ulitoka mchezo When Rivers Were Trails, uliobuniwa chini ya uongozi wa Elizabeth LaPensée kwa ushirikiano na taasisi inayoshughulikia ardhi za wenyeji hao, na kuandikwa na waandishi wengi wa jamii hizo. Humo msafiri ni Mwanishinaabe wa Minnesota katika miaka ya 1890, aliyeondolewa kwenye ardhi yake, na njia yake inaishia California. Mwaka 2021, kampuni ya Gameloft ilipoutengeneza upya The Oregon Trail, iliwashirikisha wanahistoria watatu wenye asili ya wenyeji kama washauri. Ilikuwa imepita nusu karne tangu ile teletaipu ikokotwe darasani.

Hapo narudi kwangu. Mwaka 1984 nilidhani ninawatetea wapagazi dhidi ya namba. Lakini niliwajua kwa kiasi gani? Niliyowafundisha wanafunzi yalitoka katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu kama Burton na Stanley, waliohesabu mizigo kwa uangalifu kuliko walivyowahesabu waliobeba. Zaidi ya wachache waliotajwa, kama akina Susi na Chuma, sikuweza kumtaja mpagazi hata mmoja kwa jina. Ningelipokea swali la mwenzangu, lingenituma kutafuta. Nisingepata majibu yote katika vitabu. Pengine ningelazimika kutoka na daftari kwenda kwa wazee wa Tabora, ambao mwaka 1984 baadhi yao walikuwa bado hai na babu zao walikuwa wapagazi. Wazee hao sasa hawapo. Hiyo ndiyo gharama ya jibu langu, na hakuna mtu wa kumlaumu ila mimi.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba kushirikiana ni kila mtu kuleta alichonacho. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Kila mtu hujivunia alichonacho, na kukileta ni rahisi. Kigumu ni kukubali swali la mtu wa fani nyingine likuonyeshe ambacho huna. Rawitsch alikuwa na miaka 21 na wenzake walikuwa marafiki zake chini ya paa moja. Pengine kwake ilikuwa rahisi zaidi. Mimi nilikuwa na cheti, na heshima, na wanafunzi walioniita Mwalimu.

Mwaka jana mjukuu wangu, ambaye sasa ni kijana anayesomea kompyuta, alinipigia simu akasema, "Babu, ule mchezo wako wa misafara tuutengeneze. Wewe leta historia." Nilichukua daftari jipya. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika maswali matatu ya Mwalimu wa Hisabati, kama alivyoyauliza. La mwendo wa siku nimelipatia jibu ninaloweza kulisimamia. La hongo nimeanza kulikusanya, kijiji kwa kijiji. Mbele ya swali la kwanza, la wapagazi mia moja, bado pana nafasi tupu, na nimemwambia mjukuu wangu asikisie namba ya kuijaza.